Motokaa ya Mkopo na Giaboksi Iliyokufa



Wengi wenu mwatujua sisi watu watatu wa depo tuliokuwa na motokaa nyeupe ya kubeba abiria. Mmetuuliza mara nyingi imekwenda wapi, nasi tumekuwa tukijibu kwa mkato maana jambo lenyewe latuuma. Leo twalieleza lote hapa. Twajua wako wanachama wengine ambao wamekwisha jaza fomu za mkopo ili wanunue motokaa kama ile, na twaona kuna jambo ambalo halmashauri ya ushirika wetu wa akiba na mikopo haina budi kulibadilisha kabla fedha hizo hazijatoka.

Tulikopa Sh. 540,000/-, tukaongeza akiba yetu Sh. 210,000/-, tukanunua motokaa ndogo ya Kijapani katika yadi moja ya Nairobi. Wadhamini wetu walikuwa wanane, wote watu wa karakana na stesheni. Motokaa ilikuwa na umri wa miaka saba. Rangi ilikuwa inang'aa, viti vinanukia sabuni, injini haina hata tone la mafuta nje. Tulifungua boneti tukatazama kama watu wenye kujua, tukapiga magurudumu mateke, tukaizungusha mara moja ndani ya yadi, tukalipa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari za giaboksi. Na sisi ndio tunaoshika spana kila siku!

Mwezi wa tano giaboksi ikafa. Tukanunua nyingine iliyotumika, nayo ikafa baada ya wiki saba. Wenzetu wengine wanasema ni bahati mbaya, wengine wanasema ni husuda, na mmoja alisema kazi ya mtu wa reli ni reli na motokaa aziachie wenyewe. Sisi hatukubali hata moja katika hayo. Tumekaa na fundi aliyeifungua ile ya pili, tumeona vyuma vyake kwa macho yetu, na twasema giaboksi zile ziliuawa, tena sisi wenyewe tulisaidia kuziua.

Yafaa tueleze kidogo namna inavyofanya kazi. Injini zetu kubwa za dizeli za njia kuu hazina giaboksi ya namna hii, kwa kuwa dizeli huzungusha jenereta, na umeme ndio unaozungusha mota za ekseli. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba ujuzi wa karakana watosha. Katika motokaa ya otomatiki mfanya kazi mkuu ni oili. Oili ndiyo inayosukuma na kubana vyuma vishikane kwa nguvu, oili ndiyo inayoondoa joto, na oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha. Na zile za aina ya CVT, ambazo ni nyingi katika motokaa ndogo za Kijapani, hazina gia za kubadili hata kidogo. Zina puli mbili na mshipi wa chuma katikati. Oili hubana puli ili ziushike mshipi. Oili yake imetengenezwa maalum ili chuma kishike chuma bila kuteleza wala kulana. Ukitia oili ya otomatiki ya kawaida, mshipi huteleza, hukwaruza puli, na unga wa chuma huanza kuzunguka ndani pamoja na oili. Toka hapo ni hesabu ya siku tu.

Basi yetu ilianza hivi. Asubuhi, motokaa ikiwa baridi, dereva akiitia katika D ilikuwa ikingoja kidogo kabla ya kushika, kisha inaruka kama ng'ombe aliyechapwa. Dereva hakutuambia kwa sababu aliogopa tutadhani ni yeye aliyeiharibu, naye alikuwa na watoto wa kulisha. Hilo twalijua wote, maana nani kati yetu hajapata kuficha ubovu akiogopa barua ya onyo? Mwezi wa tatu oili ikaanza kuvuja kidogo, gereji moja ikajaza oili iliyokuwapo rafuni. Hakuna aliyesoma kitabu cha motokaa kuona ni oili gani inayotakiwa, na kitabu chenyewe kilikuwa kwa Kijapani. Hatumlaani fundi yule. Naye ni mfanya kazi kama sisi, hakuna aliyempeleka kufundishwa giaboksi hizi, na mwenye gereji humlipa kwa idadi ya motokaa zinazotoka langoni.

Siku yenyewe ilikuwa ikipanda kutoka Mai Mahiu na abiria wanne. Injini ikaanza kulia kwa nguvu na motokaa haivuti. Dereva akaendelea kukanyaga. Halafu akasimamisha lori, akafungwa kamba, akavutwa mpaka Limuru magurudumu yakizunguka chini. Hili nalo hatukulijua, kwamba injini ikizimwa pampu ya giaboksi haizunguki, na ukiivuta hivyo vyuma husagana bila oili. Ikiharibika njiani yapasa ipandishwe juu ya lori, au magurudumu yanayovuta yainuliwe.

Ile ya pili ndiyo inayotuuma zaidi. Tulilipa Sh. 95,000/- na ikafungwa kwa siku moja. Lakini unga wa chuma wa giaboksi ya kwanza ulikuwa umebaki ndani ya kipoza oili na mabomba yake, na hakuna aliyeyaosha. Giaboksi mpya ikaunywa uchafu wa marehemu. Fundi wa mwisho alipofungua sampu alituonyesha sumaku ndogo zilizomo, zimevaa unga mweusi mnene kama manyoya ya paka. Kuosha mabomba yale, au kubadili kipoza, kungetugharimu sehemu ndogo tu ya zile Sh. 95,000/-.

Sasa wengine watasema Wajapani wanatuletea takataka. Sivyo kabisa. Kanuni ya Kenya, KS 1515, yakataza kuingiza motokaa iliyopita miaka 8 tangu iandikishwe mara ya kwanza. Hivyo nyingi hutufikia zikiwa na miaka sita au saba, yaani wakati ule ule ambao oili ya giaboksi, kama haikupata kubadilishwa, imekwisha choka. Hata matajiri wamepatwa na shida hii. Huko Marekani kampuni ya Nissan iliongeza dhamana ya giaboksi za CVT za motokaa zake za miaka ya 2003 hadi 2010, kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 120,000, kwa sababu ya malalamiko ya wanunuzi. (Hatusemi yetu ilikuwa ya kampuni hiyo.) Twalitaja ili mwone tofauti. Mnunuzi wa kwanza alikuwa na karatasi ya dhamana mkononi. Sisi wa mwisho hatupewi dhamana wala daftari la matengenezo. Injini ya reli haitoki karakana bila ubovu wake na matengenezo yake kuandikwa. Motokaa ya Sh. 750,000/- twainunua bila kujua ilibadilishwa oili lini, nasi twaimba kila siku kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twatoa hoja hii. Ushirika usimlipe mwenye yadi hata senti mpaka motokaa ikaguliwe na fundi wa otomatiki aliyechaguliwa na ushirika, wala si na ndugu wa muuzaji. Ikaguliwe asubuhi kabla haijawashwa, ionekane kama D na R zinashika mara moja. Iendeshwe nusu saa mpaka ipate moto, ipande mlima. Oili itazamwe rangi na inuswe, maana iliyoungua yajulikana kwa harufu. Ikiwa kama maziwa, ujue maji ya rejeta yameingia. Mashine ya kusomea ubovu ifungwe pia, kwani makosa yaweza kufutwa saa moja kabla mnunuzi hajafika, na mashine nzuri huonyesha kwamba yamefutwa. Karatasi ya mnada wa Japani itakwe, ilinganishwe na kilomita zilizo kwenye saa. Namba hurudishwa nyuma, hili si siri. Na mkopo wenyewe uwe na fungu la kubadili oili siku ya kwanza, oili ile ile iliyotajwa na mtengenezaji, na baadaye kila kilomita 40,000 au hivi kwa motokaa ya kubeba abiria. Maneno ya kwamba oili hii ni ya maisha yaachieni wauzaji. Ni ya maisha ya nani?

Tulipolisema hili mbele ya mjumbe mmoja wa halmashauri, alijibu kwamba ukaguzi utachelewesha mikopo na wanachama watanung'unika. Ni kweli utachelewesha, labda kwa siku tatu. Fundi aliyetukagulia baadaye alitaka Sh. 3,000/-. Na wadhamini wetu wanane, ambao hawakupanda motokaa ile hata siku moja, wawili wao wamekwisha zuiliwa mikopo ya karo kwa sababu akiba yao imefungwa na deni letu. Mjumbe aende akawaulize wao juu ya kuchelewa.

Neno moja juu ya sheria, maana tulilijua tukiwa tumechelewa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na ile ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, zataka mfanya biashara auze kitu kinachofaa. Ubovu ambao ungeonekana kwa ukaguzi ulioufanya huwezi kuulalamikia, lakini ubovu uliojificha ndani ni jambo jingine. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani mwaka 2021, yasikiliza madai yasiyozidi Sh. 1,000,000/- na yatakiwa kumaliza kwa siku 60, na waweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Sisi hatukwenda. Hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha hali ya giaboksi siku tuliyoinunua, na tulikuwa tumekwisha iacha gereji nyingine iguse. Karatasi ya ukaguzi ndiyo ingekuwa shahidi wetu. Basi hata kwa hilo peke yake ukaguzi una faida.

Motokaa iko Kitengela nyuma ya nyumba ya mwenzetu, kuku wamelala ndani. Tumebakiza miezi kumi na minne ya kukatwa mshahara. Hoja yetu tumeiandika na kuitia sahihi, nayo iko kwa katibu wa tawi. Anayeiunga mkono aende atie yake kabla ya mkutano wa mwaka wa ushirika, na aliyekwisha jaza fomu ya mkopo wa motokaa tafadhali atuone kwanza, saa ya chakula, nyuma ya stoo.