Mkono wa Serikali Umo Chunguni Siku Nyingi

Kila bajeti inapokaribia na mtu akataja kodi ya vinywaji vya sukari, au kanuni za chakula cha shule, pingamizi huwa ni zile zile. Baadhi zinastahili jibu la heshima. Nyingine hazisimami hata dakika moja, ila zimerudiwa mno hadi zikaonekana kweli.

Ya kwanza husema kwamba chakula ni hiari ya mtu, serikali isitie mkono. Mkono huo umo chunguni siku nyingi. Chumvi ya dukani ina madini joto kwa sababu sheria iliagiza hivyo, baada ya watu wengi wa nyanda za juu kuugua rovu. Tangu 2011 Tanzania ina kanuni zinazowataka wenye viwanda vikubwa kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umewekwa asilimia 75 kwa mchele wa nje na asilimia 100 kwa sukari. Julai 2022, unga ulipopanda kupita kiasi, Kenya ilitoa ruzuku na pakiti ya kilo mbili ikauzwa shilingi 100. Ruzuku ile haikugusa maharage wala mboga wala dagaa. Serikali ilichagua kuulinda ugali, kitoweo kikaachwa kijitegemee. Sisemi walikosea kuokoa watu na njaa. Nasema uamuzi kuhusu sahani zetu hufanywa kila mwaka, na kinachopaswa kubishaniwa ni unaelekea wapi.

Pingamizi ya pili ndiyo nzito: kodi ya soda inamuumiza maskini. Kwa hesabu ya siku moja ni kweli, shilingi ile ile humwuma zaidi mwenye kipato kidogo. Lakini tutazame palipojaribiwa. Mexico ilianza Januari 2014 kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari ya kuongezwa. Watafiti waliofuatilia ununuzi wa kaya walikuta kwamba mwaka ule wa kwanza ununuzi wa vinywaji hivyo ulipungua kwa wastani wa asilimia 6 kuliko ilivyotarajiwa bila kodi, na katika kaya za kipato cha chini asilimia 9. Afrika Kusini ilifuata Aprili 2018, ikitoza kwa kila gramu ya sukari inayozidi nne katika mililita 100. Katika kaya za mijini, sukari itokanayo na vinywaji hivyo ilishuka kutoka takriban gramu 16 kwa mtu kwa siku hadi chini ya 11, na kushuka huko kulikuwa kukubwa zaidi kwa walio na kipato cha chini. Maana yake, waliodaiwa kuonewa ndio waliobadilika zaidi.

Na ugonjwa nao hutoza. Figo zikiharibiwa na kisukari, mgonjwa husafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, maisha yake yote asipopata figo nyingine. Familia isiyo na bima huuza shamba. Mtu anayemwonea huruma maskini mbele ya chupa ya soda, kisha akanyamaza huyo maskini anapouza ng'ombe alipie hospitali, huruma yake siielewi. Sharti langu ni moja: fedha ya kodi hiyo irudi kwa waliolipa, kwa maji safi ya kunywa shuleni na dawa katika zahanati, na ionekane.

Pingamizi nyingine husema kodi itaua ajira viwandani. Uingereza ilitangaza ushuru wake wa vinywaji vya sukari 2016 na kuuanza 2018, na makampuni yakautumia muda huo kupunguza sukari. Vinywaji vyenye zaidi ya gramu tano kwa mililita 100 vilikuwa karibu nusu ya aina zilizokuwa madukani. Mwanzoni mwa 2019 vilibaki asilimia 15 hivi. Soda iliendelea kutengenezwa, ikauzwa na sukari pungufu.

Wengine hutaja Denmark, na ni haki yao. Nchi hiyo ilianza kodi ya mafuta yaliyoganda Oktoba 2011 ikaifuta Januari 2013, na moja ya sababu ni watu kuvuka mpaka kwenda kununua siagi Ujerumani. Funzo hapo ni la mipaka. Tanzania ikitoza peke yake, kreti za soda zitapita mpakani Namanga na Sirari, hivyo nchi za Jumuiya zipange viwango pamoja. Tena Denmark hiyo hiyo ndiyo iliyoweka kikomo cha mafuta ya viwandani aina ya trans mwaka 2003, na nchi nyingi zikaiga.

Ya mwisho inaniudhi: eti lishe bora isiyochosha ardhi ni mambo ya Wazungu. Maharage na kunde hurudisha rutuba shambani. Mnavu, mgagani na mchicha huvunwa wiki chache tu baada ya kupandwa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya ametumia miaka mingi kuonyesha ubora wa mboga hizi, na Desemba 2021 UNESCO iliutambua mpango wa Kenya wa kulinda vyakula vya asili. Kinachokosekana ni mnunuzi wa uhakika. Brazil ilimpata kwa sheria ya 2009, iliyoagiza angalau asilimia 30 ya fedha za taifa za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo. Shule zetu za bweni hununua mahindi na maharage ya makande kila muhula. Halmashauri ikiandika kwenye zabuni ya chakula hicho mboga za majani mara tatu kwa wiki, kutoka vikundi vya wakulima wa kata jirani, mkulima wa mnavu atajua Januari kwamba Machi atauza.