Kangaga si Adui wa Mkarafuu

Ndugu Wanachama,

Kila ukaribiapo msimu wa kuchuma, tunapalilia. Ni sawa, kwani karafuu ikianguka penye majani haiokoteki. Lakini wengi wetu hufyeka mpaka ukingo wa bonde, na kangaga hung'olewa pamoja na magugu. Hapo mimi sikubali.

Hapa Pemba mikarafuu iko vilimani na mpunga uko mabondeni. Ukingo ukiachwa mtupu, mvua ya masika huteremsha udongo wako juu ya mpunga wa jirani. Kangaga huushika udongo huo, tena kivulini.

Lijueni. Halitoi ua wala mbegu. Jani changa hujikunja kama mkia wa kinyonga. Chini ya jani pevu mna vidoa au mistari ya hudhurungi, yenye vumbi lizaalo. Msilichanganye na lile la mikokoni, lipendalo jua na kustahimili maji ya chumvi.

Palipo patupu, gawa shina lenye mizizi wakati wa masika, upande kivulini, usifukie moyo wake. Wala usiliendee msitu wa Ngezi, uliohifadhiwa. La shambani latosha.

Wenu,
Katibu