Sayansi Nyumbani: Tundu linalomtambua mwenyewe

Ukitaja Ruiru na Thika, umetaja kahawa. Ni Ruiru kulikozaliwa ule mbuni uitwao Ruiru 11, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Na ndani ya kahawa mna kafeini, inayomkesheza mwanafunzi usiku wa mtihani.

Kafeini ina ndugu yake, teofilini, ambayo ni dawa ya pumu. Wafanana kama shilingi kwa ya pili: kafeini imezidi kaboni moja na hidrojeni mbili tu.

Usiidharau tofauti hiyo. Teofilini ikipungua mwilini, kifua chabana. Ikizidi, mgonjwa hutapika, moyo humwenda mbio, hata aweza kupatwa na kifafa. Ndiyo maana daktari hutaka kuipima damuni. Je, mgonjwa akiwa amekunywa kahawa asubuhi, ndugu hawa watatenganishwa vipi?

Njia moja yafanana na ujanja wa mwizi. Mwizi huugandamiza ufunguo kwenye kipande cha sabuni, akauondoa, akabaki na umbo lake. Wanakemia nao huchanganya teofilini na malighafi ya plastiki, ikagandia kuizunguka. Kisha huisaga plastiki hiyo na kuiosha mpaka teofilini itoke. Hubaki vitundu vidogo mno, vyenye umbo la teofilini na mahali pa kuishikia. Teofilini ikipita tena, hunasa humo. Kafeini, kwa kile kijisehemu chake cha ziada, haikai sawasawa, nayo hupita.

Mwaka 1993, Klaus Mosbach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walieleza katika jarida la Nature jinsi plastiki ya namna hii ilivyopima teofilini katika majimaji ya damu bila kuhadaiwa na kafeini. Lakini ina ila: isipooshwa vizuri, masalio ya teofilini huvuja na kuharibu kipimo.

Basi kama nyumbani kwako yuko atumiaye teofilini, amwambie daktari hunywa vikombe vingapi vya kahawa kwa siku, maana kahawa nyingi yaweza kuzidisha madhara ya dawa hiyo. Wala asiongeze kidonge kwa kukisia. Ndugu hawa, ingawa wafanana, si kitu kimoja.

Tukutane Jumapili ijayo.