Uponyaji wa Mnyama Hauishii kwa Daktari

Mbwa au paka aliyegongwa na pikipiki, akibahatika, hufikishwa kwa daktari wa mifugo. Mfupa huungwa, jeraha hushonwa, na mwenye mnyama huambiwa arudi baada ya majuma kadhaa. Katika majuma hayo mnyama hufungwa kwenye kona ya ua, hupewa chakula na maji, kisha huachwa. Siku ya kufunguliwa bandeji mfupa umekwisha kuunga, lakini mguu hautumiki: goti halikunjiki, paja limekonda, na mnyama hutembea kwa miguu mitatu. Lawama humwangukia daktari. Lakini mara nyingi kilichopungua si ufundi wa daktari. Tiba ilikatika mahali ambapo daktari hayupo, yaani nyumbani.

Tiba ya viungo kwa wanyama wa nyumbani huonekana na wengi kuwa anasa ya nchi tajiri. Fikira hiyo yafaa kusahihishwa. Sehemu kubwa ya tiba hiyo haihitaji mtambo wala umeme. Huhitaji mikono, subira na maarifa, na katika hayo matatu ni maarifa tu ambayo wananchi wamenyimwa.

Kwa nini kiungo hukakamaa

Mwili wa mnyama, kama ule wa binadamu, hujengwa kwa matumizi. Mwaka 1892 mganga wa Kijerumani, Julius Wolff, alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba mfupa hujiunda upya kulingana na mzigo unaoubeba. Misuli nayo hupungua isipofanya kazi. Gegedu, ule utando mgumu unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka katika ute wa kiungo, na ute huo husukumwa kwa kukunja na kunyoosha. Kiungo kisichosogezwa hukosa lishe hiyo, na kifuko kinachokizunguka husinyaa. Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa wakizungumzia goti la mbwa, lakini kanuni ni ileile.

Kwa mbwa liko jambo jingine linaloficha hatari. Mbwa anaposimama, miguu ya mbele hubeba kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake. Kwa hiyo aweza kuishi miezi mingi akiuinua mguu mmoja wa nyuma, naye akaonekana mzima. Mwenye mbwa huridhika kwamba amezoea. Kumbe huko kuzoea ndiko kunakoua mguu.

Kazi ya nyumbani

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Baada ya daktari kuthibitisha kwamba mfupa umeshikizwa imara na kutoa ruhusa, mnyama hulazwa ubavu mahali tulivu. Kila kiungo cha mguu ulioumia hukunjwa na kunyooshwa polepole, mara 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Mkono husimama pale mnyama anapoanza kukaza mwili au kugeuza kichwa, wala haupiti hapo. Katika siku tatu za kwanza baada ya upasuaji, barafu iliyofungwa katika kitambaa hupunguza uvimbe. Baadaye, uvimbe ukiisha, kitambaa cha maji ya uvuguvugu hulegeza misuli kabla ya mazoezi.

Mnyama asiyeweza kusimama hugeuzwa ubavu kila baada ya saa nne hivi, juu ya godoro au magunia yaliyokunjwa, ili asipate vidonda vya kulalia. Kibofu chake huangaliwa, kwani mkojo uliobaki ndani huleta maradhi. Kanga iliyopitishwa chini ya tumbo, mbele ya miguu ya nyuma, yatosha kuushikilia mwili wakati mnyama anapojifunza kukanyaga upya. Sakafu laini ya saruji hutandikwa mkeka, kwa sababu kuteleza mara moja kwaweza kubomoa kazi ya mwezi mzima.

Maji nayo ni mwalimu mzuri. Vipimo vilivyofanywa kwa mbwa vimeonyesha kwamba anaposimama katika maji yanayofika usawa wa nyonga, miguu yake hubeba kiasi cha asilimia 38 tu ya uzito wake. Kwa wakazi wa pwani au wa kando ya maziwa, kidonda kikishapona na mahali pakiwa salama, maji matulivu ya kina hicho hufanya kazi ya mtambo wa gharama kubwa. Kwa mbwa mnene mwenye baridi yabisi, dawa ya kwanza ni kupunguza chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mbwa wa namna hiyo walichechemea kidogo zaidi walipopunguza zaidi kidogo ya asilimia 6 ya uzito wao.

Mambo yasiyofanyiwa mzaha

Ukunjaji wa mguu ambao mfupa wake haujashikizwa ni ukatili, hata ukifanywa kwa huruma. Dawa za maumivu za binadamu zisitolewe bila amri ya daktari: parasetamoli humwua paka, na ibuprofeni humdhuru mbwa vibaya.

La tatu ni zito kuliko yote. Mbwa aliyelegea miguu ghafla bila ajali inayojulikana, hasa asiyechanjwa, asishikwe kwa mazoezi wala kwa sababu nyingine kabla ya daktari kumwona. Kichaa cha mbwa si lazima kianze kwa ukali. Chaweza kuanza kwa kupooza. Aliyeumwa au kuingiwa na mate katika jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mipaka ya tiba hii

Wanaoitetea tiba ya viungo huiharibia jina wanapoahidi miujiza. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio lililohusu mbwa 30 waliopasuliwa kwa ajili ya gegedu za uti wa mgongo zilizochomoka. Mbwa hao walikuwa bado na hisia za maumivu miguuni. Mazoezi makali ya mapema hayakuwadhuru, lakini pia hayakuwafanya wapone upesi kuliko waliofanyiwa mazoezi mepesi ya kawaida.

Baadhi ya watu wameyatumia matokeo kama hayo kudai kwamba kazi yote ni bure. Maana yake hasa ni nyingine. Mbwa wa makundi yote mawili walitunzwa, waligeuzwa na walisogezwa viungo. Kwa hiyo jaribio linaonyesha kwamba mazoezi mepesi, yale hasa yanayowezekana ukumbini mwa nyumba ya kawaida, hayakuzidiwa na yale makali. Hiyo ni habari njema kwa nchi isiyo na mitambo.

Ukweli mwingine usifichwe. Mnyama aliyevunjika uti wa mgongo, asiyehisi hata vidole vyake vikibanwa kwa nguvu, ana matumaini madogo. Kumlaza usingizi wa milele kwa mkono wa daktari kwaweza kuwa huruma iliyobaki. Lakini uamuzi huo ufuate uchunguzi. Usifuate uvivu.

Wajibu wa nani?

Husemwa kwamba hospitali za binadamu hazina wataalamu wa viungo wa kutosha, basi mnyama angojee. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mazoezi ya mnyama yangemnyang'anya mgonjwa mtaalamu wake. Hayamnyang'anyi, kwa kuwa mtendaji ni mwenye mnyama mwenyewe. Tena mbwa anayelinda nyumba na paka anayelinda ghala la mahindi dhidi ya panya si mapambo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inatambua kwamba kumfuga mnyama ni kubeba wajibu juu yake.

Yanayotakiwa ni machache. Kila daktari wa mifugo ampe mwenye mnyama karatasi moja ya Kiswahili, yenye michoro, inayoeleza kazi ya kila juma, na amwonyeshe kwa vitendo kabla hajaondoka. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinachofundisha madaktari hao, ndicho mahali pa kuiandika karatasi hiyo na kuijaribu. Maofisa mifugo wa kata waifikishe vijijini. Gharama yake ni karatasi na wino. Bila hiyo, mifupa itaendelea kuungwa kwa ustadi katika miguu ambayo haitakanyaga tena.