Nguo za majina makubwa: Marejesho ya Paris humezwa na forodha ya Dar

Wafanyabiashara wadogo wanaofuata nguo za majina makubwa Ulaya wamezoea kuhesabu marejesho ya kodi kama faida. Hesabu hiyo ina kasoro, na anayeumia ni mwenye mtaji mdogo.

Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) Ufaransa ni asilimia 20. Wanunuzi wengi huikata moja kwa moja kwenye bei iliyoandikwa, wakati kodi hiyo imo ndani ya bei. Koti la euro 1,200 lina thamani ya euro 1,000 na kodi euro 200, yaani asilimia 16.7 ya bei. Hata hizo 200 hazirudi zote. Kampuni inayoshughulikia marejesho huchukua chake, na mara nyingi mteja hubakiwa na asilimia 12 hivi; kwa koti hili, euro 144. Fomu isipopitishwa forodhani wakati wa kuondoka Umoja wa Ulaya, hapati kitu.

London haimo tena katika mchezo huu. Uingereza ilifuta marejesho kwa watalii mwishoni mwa 2020. Ahadi ya kuyarudisha ilitolewa Septemba 2022 na kufutwa mwezi uliofuata. Italia ilikwenda kinyume chake: Februari 2024 ilishusha kima cha chini cha manunuzi kutoka euro 154.94 hadi 70.

Kazi kubwa iko nyumbani. Mwaka 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliziweka nguo katika daraja jipya la ushuru wa asilimia 35, ingawa nchi mwanachama huweza kuombewa kiwango tofauti katika gazeti la kila mwaka. Kwa kiwango hicho, koti la thamani ya euro 1,000 hutozwa ushuru 350. Juu ya 1,350 huja VAT ya Tanzania ya asilimia 18, yaani euro 243. Jumla ni euro 593, kabla ya nauli na tozo ndogo ndogo. Aliyeokoa 144 Paris ataona fedha hiyo ilivyo kidogo.

Wapo wanaotegemea msamaha wa mizigo ya abiria. Msamaha huo ni wa vitu vya msafiri mwenyewe, wala hauhusu bidhaa za kuuza. Makoti kumi ya aina moja katika saizi tofauti hayahitaji ofisa mwerevu kuyatambua. Kelele zilizozuka Kenya Novemba 2023, pale mamlaka ya mapato ilipowakumbusha abiria kikomo cha dola 500, zilionyesha ni wangapi walikuwa wakipita kwa mazoea tu.

Hesabu ya njia rasmi inastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Muuzaji wa jumla anayesafirisha mzigo nje ya Ulaya huweza kuuza bila VAT, hivyo mnunuzi huokoa euro 200 zote badala ya 144. Akiwa amesajiliwa VAT nchini, zile 243 huzidai dhidi ya kodi ya mauzo yake. Koti humgharimu 1,350 na nauli. Mwenye begi, akikamatwa na kulipa bila kuwa na usajili, anafika 1,649, na faini haijatajwa. Akipita salama koti limemgharimu 1,056, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Lakini faida inayotegemea ofisa asifungue begi haimsaidii mtu anayekwenda benki kuomba mkopo, maana hana karatasi hata moja ya kuonyesha.

Kikwazo ni kwamba nyumba kubwa za mitindo haziuzi jumla kwa kila anayebisha hodi; baadhi huweka hata kikomo cha idadi kwa mteja mmoja. Mwenye mtaji wa makoti kumi atapata nafasi zaidi kwa wauzaji wa jumla wa Italia wanaobeba lebo za kati. Kabla ya kulipa malipo ya awali, aombe wakala wa forodha amkokotolee gharama zote hadi dukani kwa kiwango cha mwaka huo.