Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, Mlinzi wa Siri ya Maji ya Chumvi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Napenda kukuarifu, iwapo wasaidizi wako hawajakuarifu, kwamba kile kisima nilichokuja kukiulizia ofisini kwako kimekwisha kuchimbwa, na maji yametoka, nayo ni ya chumvi. Jina la ofisi yako sitalitaja hapa, kwa kuwa wewe walijua na mimi nalijua, na wakazi wa Dodoma waliopata kusimama mbele ya dirisha la masjala yoyote ya mji huu hawatakosa la kuweka mahali pake.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo changu, ambacho ni ujira wa ujana wangu wote mbele ya ubao, nilikusudia kukichimbia kisima katika kijiji chetu wilayani Bahi, mahali ambapo mvua ina msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili ikiwa imeridhia, na miezi iliyosalia mama na binti zetu hufukua mchanga wa korongo alfajiri ili wawahi maji kabla ya ng'ombe. Kabla ya kumwita mwenye mtambo nilifanya lile nililowafunza wanafunzi wangu daima, yaani kuuliza kwanza kilichokwisha kuandikwa. Nilijua ya kuwa zamani za Waingereza watu wa serikali walipita bonde letu wakitoboa ardhi, kwani bomba lao la chuma lilikuwa lingali limesimama nilipokuwa mtoto, tukilipiga mawe lilie. Na shimo litobolewalo na serikali huandikiwa taarifa: kina chake, matabaka ya mwamba, wingi wa maji, na sifa ya maji yenyewe. Niliomba taarifa hiyo. Kwanza nikaambiwa haipo. Kisha nikaambiwa huenda ipo, ila haionekani. Mwisho nikaambiwa, kwa sauti ya mtu anitakiaye heri, kwamba habari za ardhi ya Bahi ni siri, na kwamba mtu mzima kama mimi hana haja ya kujitafutia maneno.

Nikachimba. Maji yaliporuka watoto walikimbilia kuyakinga kwa viganja, wakayaonja, wakayatema. Hata mbuzi waliyanusa wakaondoka. Kiinua mgongo changu kimo humo, Mheshimiwa, chini ya mfuniko wa saruji.

Baadaye kijana mmoja, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, aliyekuwa na kibali cha utafiti na akitafuta jambo jingine kabisa katika masjala yako, alikuta karatasi ile niliyoambiwa haipo. Ni ukurasa mmoja uliopigwa chapa katika miaka ya 1950. Unasema kwamba shimo lilitobolewa katika bonde letu, mwendo mfupi kutoka kilipo kisima changu, likaachwa, kwa kuwa maji yake yalikuwa na chumvi isiyofaa kwa binadamu wala mifugo. Serikali ilijua. Imejua tangu kabla ya Uhuru kwamba maji yale ni ya chumvi, ikalihifadhi neno hilo kwa uaminifu mkubwa mno, hata mtu pekee aliyelihitaji asilipate.

Nikauliza ni kwa nini ukurasa ule ulikuwa siri, nikapewa sababu mbili, nazo zote zastahili kusomwa hadharani. Ya kwanza ni kwamba miaka mingi baada ya kuandikwa kwake mtu alilichukua jalada la visima lenye ukurasa huo, akafungia ndani yake barua zilizohusu utafutaji wa urani katika Bahi, kisha juu ya jalada zima akagonga muhuri mwekundu. Barua ziliambukiza chumvi usiri. Ya pili ni kwamba jalada limeandikwa kwa jina la kale la bonde, jina ambalo wazee wa Kigogo wangali wakilitaja, ilhali mimi niliomba kwa jina la kijiji, na vijiji vyetu, kama ujuavyo, vilikusanywa na vingi vikapewa majina mapya katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971. Tangu siku hiyo hadi leo hakuna aliyechukua kadi moja akaandika juu yake jina jipya, na chini yake neno "tazama", na kisha jina la zamani. Kadi hiyo moja, ambayo mkutubi aliyehitimu chuo cha ukutubi cha Bagamoyo angeiandika kabla chai haijapoa, ndiyo tofauti baina ya kiinua mgongo changu na maji ya chumvi.

Sisemi kwamba siri hazipo. Jalada la mgonjwa wa akili wa Hospitali ya Mirembe ni amana, na atakayelifungua kwa udadisi tu amemvua nguo mtu asiyeweza kujitetea. Kadhalika michoro ya mapangoni ya Kondoa, iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006: kwa kuwa wapo watu waliochimba chini ya miamba ile wakitafuta hazina wanayodhani ilifukiwa na Wajerumani, mwenye kutunza habari zake hana budi kuificha ramani ya pango ambalo halijapata mlinzi, huku akiwafungulia wote michoro, historia na picha. Na angalia namna anavyoficha. Haifichi Kondoa. Huondoa lile moja lenye madhara, mahali pake akaweka karatasi isemayo kwamba hapa pameondolewa kitu, kimeondolewa na nani, kwa sababu gani, na kitarudishwa lini. Kisha katika fahirisi huacha habari za kutosha kumwonyesha msomaji kwamba kitu hicho kipo na mlango wa kuombea ni upi. Huo ndio ukutubi wa mambo nyeti, nao ni kazi ya mikono na subira. Kugonga muhuri juu ya boksi zima ni kazi ya mtu anayetaka kwenda nyumbani.

Wala sikuombi fadhila isiyo na sheria. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imeweka miaka 30 kuwa kadiri ya kawaida ya kuzifunga nyaraka za umma, na ukurasa wangu ulikwisha kuivuka miaka hiyo wakati mimi ningali nafundisha. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwenye habari amjibu mwananchi ndani ya siku 30, ijapokuwa jibu lenyewe ni kukataa. Mimi sikukataliwa kwa maandishi, kwa maana mtu aliyekataliwa kwa maandishi aweza kukata rufaa. Mimi nilitakiwa heri.

Mtafuta madini hapa Dodoma hapati taabu hii. Taasisi ya Jiolojia huuza ramani zake hadharani, eneo kwa eneo, na mgeni aliyeshuka jana kutoka ng'ambo aweza kununua habari za mwamba ulio chini ya miguu yangu. Yeye atafutaye dhahabu amechorewa njia, nami nitafutaye ndoo ya maji nimegongewa muhuri. Kama huo ndio mpango wa taifa, basi uandikwe, tuujue, tuache kupoteza nauli.

Na nchi hii ya kati, Mheshimiwa, ilikwisha kulipia ujinga wa namna hii kwa bei kubwa. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na Bwana Wakefield ulizunguka kwa wiki chache tu, ukashauri karanga zilimwe katika ekari zaidi ya milioni tatu, na mwaka uliofuata matrekta yakaanza kung'oa vichaka vya Kongwa. Habari za ardhi ile, ambayo kiangazi kikishika hukauka ikawa kama saruji, na za mvua yake isiyo na ahadi, zilikuwamo katika vichwa vya Wagogo na katika madaftari machache ya vipimo, lakini hapakuwa na aliyepewa dhima ya kuzikusanya na kuziweka mezani kabla ya trekta. Mwaka 1951 Serikali ya Uingereza iliufunga mradi, ikafuta katika vitabu vyake pauni zipatazo milioni 36. Uingereza iliweza kufuta. Mimi sina kitabu cha kufutia.

Ningeweza kuuliza mengine. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilipovunjwa mwaka 2017, ni nani aliyekaa na majalada yake akaandika fahirisi ya kila kiwanja? Idara inapogawanywa au wizara inapobadilishwa jina, kama tulivyozoea, ni nani hutangulia mbele ya lori la makaratasi akiwa na orodha mkononi? Kwa nini ofisi huajiri dereva, mhasibu na mlinzi wa lango, na mkutubi akaonekana ni pambo? Mji umekuwa jiji, maghorofa yanapanda kila mwezi, lakini katika masjala kumbukumbu ni kichwa cha mzee mmoja anayekaribia kustaafu, na akistaafu anaondoka nayo. Lakini nikiyafuata hayo nitasahau kilichonileta, nami sitaki wewe usahau: maji ni ya chumvi.

Nataka barua za urani zitolewe katika jalada lile na kufungiwa mahali pake, ukurasa wa kisima uachwe wazi. Nataka taarifa zote za visima vya kale zilizo chini ya mamlaka yako ziandikiwe fahirisi kwa jina la zamani na jina la sasa la kila mahali, na nakala ipelekwe katika maktaba ya mkoa, ambamo mwananchi huingia bila ya kuulizwa yeye ni nani. Nataka aliyegonga muhuri aandike sababu yake na tarehe ya kuufungua.

Na hili la mwisho haliwezi kungoja fahirisi. Kamati ya zahanati yetu imekwisha kuchanga fedha, na imeahidiwa mtambo kabla ya mvua. Mahali walipopachagua ni upande wa pili wa bomba lile la Waingereza. Nimewaeleza wakasema mwalimu ana uchungu wa fedha zake. Wanataka karatasi ya serikali. Unayo. Niletee nakala yenye muhuri wowote uupendao, hata ule mwekundu, ilimradi ifike kabla ya mtambo.

Wako katika utii wa sheria,

Mwalimu mstaafu, Bahi