Vipuri vya malori Katanga: Mchoro wafika Pweto kabla ya chuma, lakini nani atausaini?

Kishikizo cha springi kikivunjika njiani kwenda Pweto, dereva ana mambo mawili ya kuchagua. Anaweza kusubiri kipuri kutoka Lubumbashi, na kusubiri huko hula siku na fedha. Au anamwita fundi wa karibu, anakata bamba lolote lililopo, analichomelea, na safari inaendelea. Namna hii ya pili ndiyo inayofanya malori yatembee. Ndiyo pia inayofanya kishikizo kilekile kivunjike tena, mara nyingine kikiwa na tani za mahindi juu yake na abiria wamekaa juu ya magunia.

Siku hizi kuna njia ya tatu inayozungumzwa katika karakana za miji ya madini: kusanifu kipuri kwa kompyuta kwanza, kisha kukikata chuma kwa vipimo hivyo. Je, teknolojia hiyo inaweza kuusaidia mji kama Pweto, au itabaki kuwa ya makampuni makubwa?

Barabara inayovunja vyuma

Pweto uko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Mwero, pale mto Luvua unapotoka ziwani, jirani kabisa na Zambia. Kutoka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, kupitia Kasomeno na Kilwa. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, sehemu za udongo hugeuka matope na mashimo.

Ugumu wa njia hiyo si jambo la jana. Mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi, ulio katika teritware hiyohiyo ya Pweto, ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, mzigo wake ulivushwa ziwani kutoka Kilwa hadi upande wa Zambia badala ya kupelekwa Lubumbashi.

Malori mengi yanayofanya kazi Kongo yaliingia nchini yakiwa yameshatumika kwingine, na yaliundwa kwa ajili ya lami. Kwa hiyo wenye magari huyabadilisha: huongeza vyuma vya kushikilia springi, huinua bampa, huweka tangi la pili la mafuta, huimarisha bodi ya tela. Hivyo ndivyo vipuri vya kutengenezwa kwa oda, na vimekuwa vikitengenezwa Katanga kwa jicho na kipimo cha mkono kwa miaka mingi.

Kompyuta inaongeza nini?

Fundi mzoefu anajua mengi ambayo kompyuta haiyajui. Lakini ujuzi wake unakaa kichwani mwake. Akihama au akifariki, kipimo kinakwenda naye. Mchoro wa kompyuta unabaki. Tundu la boliti likiwa limekosewa kwa milimita 2, linarekebishwa kwenye skrini kabla chuma hakijakatwa. Na mchoro uliokwisha kurekebishwa hutumwa kwa simu hadi mji mwingine kwa dakika chache, huku kipuri chenyewe kikisubiri gari la kukipeleka.

Programu hizi pia hukokotoa nguvu, na hapo ndipo mazoea hukutana na hesabu. Karakana nyingi zina imani moja: kilichovunjika kiongezwe unene. Bamba likiongezwa unene mara mbili huwa gumu kupinda mara 8, jambo linalosikika vizuri. Lakini uzito wake nao huongezeka mara mbili, na nguvu ambayo bamba jembamba lingeimeza kwa kupinda kidogo sasa huhamia kwenye chesisi. Kishikizo kinapona, chesisi inapasuka. Mara nyingi dawa ni kuviringisha kona iliyokatwa kali, kwa sababu ufa huanzia hapo.

Gharama nayo imeshuka. AutoCAD ilipotoka mwaka 1982, usanifu wa kompyuta ulikuwa wa ofisi zenye fedha. Leo programu ya FreeCAD, iliyofikia toleo la 1.0 Novemba 2024, hupakuliwa bure na hutumika kwenye kompyuta ya kawaida. Kwa Pweto, mashine ya kukatia inaweza kubaki Lubumbashi au Likasi. Kinachohitajika mjini ni mtu anayejua kupima na kuchora.

Hatari ya mchoro mzuri

Hata hivyo, mchoro unaopendeza unaweza kudanganya. Kompyuta hukubali jina lolote la chuma utakaloliandika. Ukiiambia kwamba bamba ni chuma cha springi, kumbe ni chuma laini cha kutengenezea mageti, itakuonyesha rangi ya kijani, na kipuri kitakufa barabarani.

Ndiyo maana vipuri havilingani. Bampa, sanduku la betri, vishikizo vya tangi na milango ya tela vinaweza kutengenezwa kienyeji bila hatari kubwa. Majani ya springi yanahitaji chuma maalumu kilichopashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Sehemu za usukani na breki zina uhai wa watu ndani yake. Kuchomelea chesisi ovyo ni hatari pia, kwani moto hudhoofisha chuma kandokando ya mshono.

Nani asaini?

Katanga haianzi na mikono mitupu. Karakana kuu za Panda, mjini Likasi, zimekuwa zikiyeyusha na kuchonga vipuri kwa ajili ya Gécamines. Lubumbashi ina Kitivo cha Politekniki cha chuo kikuu, shule ya ufundi ya Salama, na kituo cha INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964. Sheria ya Februari 8, 2017 kuhusu kazi za kandarasi ndogo inazitengea kazi hizo kampuni ambazo Wakongomani wana mtaji mkubwa zaidi.

Sheria inafungua mlango, lakini kampuni ya madini inayoagiza kipuri hudai mchoro, aina ya chuma na jina la aliyekagua. Karakana isiyo na karatasi hizo hubaki nje hata kama fundi wake ni hodari, na oda huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kusini.

Kenya ilijifunza somo kama hilo. Ndoto ya gari la Nyayo, iliyoanza mwaka 1986 kwa agizo la Rais Daniel arap Moi kwa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilizaa magari ya majaribio mwaka 1990, lakini haikufika sokoni. Kilichobaki ni karakana ya Numerical Machining Complex, iliyoundwa mwaka 1994, yenye kazi ya kuchonga vipuri. Nchi ilishindwa kuuza gari zima, ikabaki na uwezo wa kutengeneza sehemu zake.

Kwa Haut-Katanga, hatua ya kwanza haihitaji kiwanda kipya. Inahitaji mafundi wa Pweto, Kilwa na Kasomeno wafundishwe kupima na kuchora, na wahandisi wa Lubumbashi wapewe jukumu la kukagua michoro hiyo na kuitia saini kabla chuma hakijakatwa. Mradi wa barabara ya kulipia ya Kasomeno hadi Mwenda, wenye daraja juu ya mto Luapula, ukikamilika, malori yatakayopita Kasomeno yataongezeka, na vishikizo vitakavyovunjika vitaongezeka pia.

Leo kipuri kikivunjika na watu wakaumia, lawama humwangukia dereva. Aliyekata chuma hajulikani, wala kipimo alichotumia. Mchoro wenye jina na tarehe hautazuia kila ajali, lakini utafanya swali hilo liwe na mtu wa kulijibu.